Kwa nini wimbo wa kwaya wa zamani bado unasimamisha watu mlangoni

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha kwaya ya kigango kimoja huku Kasulu, waimbaji ishirini na sita, wengi vijana. Wanapenda nyimbo mpya zenye mapigo ya kinanda, na siwalaumu. Ila kuna jambo limenishangaza. Ijumaa Kuu tuliimba bila kinanda, kama ilivyo desturi ya siku hiyo, wimbo wa sauti nne ambao bibi yangu aliuimba akiwa msichana. Vijana walewale wasiotulia hawakutikisika. Nje, vijana wa bodaboda wakazima pikipiki wakasimama mlangoni, na wengi wao si Wakristo. Muziki huu una nini? Ni mazoea ya wazee tu, au kuna kitu ndani yake? Na niendelee kuwafundisha nota? Wananiambia zinawachelewesha.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Tumsifu Yesu Kristo. Nimefundisha kwaya hapa Tabora zaidi ya miaka thelathini, na swali lako nimelibeba siku nyingi kabla hujaniandikia.

Nianze na hao vijana wa bodaboda, kwa sababu ushahidi wao una uzito kuliko wa bibi yako. Bibi akitokwa na machozi wimbo huo ukiimbwa, hatujui analilia wimbo au analilia ujana wake na watu aliowazika. Kijana wa bodaboda hana hayo. Hakukulia kwenye benchi la kwaya, hajui mstari unaofuata, na kila dakika anayosimama pale huenda abiria amempita. Hata hivyo alizima injini. Mazoea hayamshiki mtu asiye nayo. Kwa hiyo kitu kipo, na kimo ndani ya muziki wenyewe.

Ukiniuliza ni kitu gani, nitakujibu kwa neno moja: pumzi. Najua linasikika jibu dogo. Nivumilie.

Wimbo wa sauti nne usio na ala (soprano na alto za wanawake, teno na besi za wanaume) umepimwa kwa kifua cha binadamu. Mtunzi akitaka mstari mfupi, anamtegemea mtu mmoja avute hewa na kuitoa. Akitaka mstari mrefu, ule unaokwenda kama Malagarasi wakati wa masika, hakuna kifua kimoja kinachoweza kuubeba. Inabidi watu wapokezane. Wewe mwenyewe unawafundisha, naamini: usivute pumzi mwenzako wa kushoto anapovuta, ingia tena kimyakimya kama mtu anayerudi kanisani katikati ya mahubiri. Wakiweza, sauti inatoka bila mshono. Inakuwa sauti ndefu kuliko mwili wa mtu yeyote aliyemo mle ndani, na bado ni ya watu. Msikilizaji hawezi kukueleza amesikia nini. Anajua tu kwamba na yeye pumzi yake imebadilika.

Hili si hisia za mwalimu mzee. Mwaka 2013 watafiti wa Göteborg nchini Sweden, wakiongozwa na Björn Vickhoff, waliwapima mapigo ya moyo vijana wa miaka 18 walipokuwa wakiimba pamoja. Mtu akivuta hewa moyo huongeza mwendo kidogo. Akiitoa polepole, hupunguza. Walioimba wimbo wa kanisa wenye mistari iliyopangika walikuwa wakivuta na kutoa hewa kwa wakati mmoja, na mioyo yao ikaanza kupanda na kushuka pamoja. Muundo wa wimbo ndio uliokuwa ukiiongoza. Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu nikakaa kimya, kwa sababu nilikumbuka usiku mmoja.

Nilikuwa nimealikwa kuinoa kwaya ya parokia moja wiki ya mwisho ya Kwaresima. Walikuwa na kinanda kizuri na spika mbili kubwa kama kabati. Yapata saa moja usiku umeme ukakatika katikati ya wimbo, na wimbo ukaanguka palepale. Soprano walikimbia mbele, besi wakanyamaza, mtu mmoja akacheka. Nikawaomba wasiwashe tochi za simu. Nikawapa do kwa mdomo, tukaanza upya gizani, taratibu. Mara ya kwanza walikuwa kama watu wanaovuka mto usiku, kila mmoja anatafuta jiwe kwa unyayo. Mara ya tatu besi mmoja, fundi wa reli, akaanza kushikilia miisho ya mistari, haiachii mpaka asikie alto wamefika. Hakuambiwa na mtu. Wenzake wakamgundua, wakaanza kumwegemea. Mara ya tano nilishusha mkono, sikuongoza tena. Umeme ukarudi, taa zikawaka, kinanda kikatoa ule mlio wake wa kuamka, na hakuna aliyekisogelea mpaka wimbo ulipoisha.

Kabla ya giza walikuwa wakikifuata kinanda. Gizani walisikilizana. Vijana wako wa Ijumaa Kuu hawakutikisika kwa sababu hiyo hiyo: hapakuwa na kitu kingine cha kushika isipokuwa mwenzao.

Sasa ingia ndani zaidi, ubaoni, kwenye ngazi ya do, re, mi, fa, so, la, ti, ambapo juu ya ti inakuja do tena. Chukua mwisho wa mstari wowote wa mtindo ule wa zamani, mara nyingi utakutana na kitu cha namna hii. Besi wanatua so. Teno nao so, ya juu. Soprano wanatua re. Lakini alto bado wameng'ang'ania do waliyokuwa nayo tangu neno lililopita. Do na re zimebanana kama abiria wawili kwenye kiti cha mmoja. Sikio linaumia kidogo. Kisha, wengine wote wakiwa wamesimama, alto wanateremka hatua moja tu, wanafika ti, na kanisa zima linashusha mabega. Hatua moja! Waimbe wimbo huohuo alto wakiwahi kuingia ti pamoja na wengine, utaona: kila kitu kiko sahihi, na hakuna anayeshusha mabega. Raha ya kufika imetoka kwenye yale maumivu ya kusubiri.

Angalia pia inamtaka nini mwimbaji. Binti wa alto anatakiwa asimame kwenye sauti inayosikika kama amekosea, wenzake wote wakiwa kwingine, asitetemeke, asiikimbie, mpaka wakati wake ufike. Na maneno aliyonayo mdomoni saa hiyo ni ya msalaba, au ya kaburi, au ya kuomba huruma. Watunzi wa nyimbo za ibada walijua walichokuwa wakifanya. Hawakuweka maneno ya mateso juu ya muziki mzuri tu. Waliuweka mgongano na kufunguliwa kwake ndani ya sauti zenyewe, ili hata asiyeelewa lugha apitishwe njia ile.

Ndiyo maana Aleluya ya Handel inapigwa na kwaya zetu kila Pasaka kana kwamba ilitungwa hapa Unyamwezi. Yule bwana aliandika kazi nzima ilimotoka Aleluya hiyo kwa siku 24 mwaka 1741, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, na mapato yakaenda kwa wagonjwa na wafungwa wa madeni. Lakini kwaya ya kijijini haijali hayo. Inachokijua ni ile sehemu ya kuelekea mwisho ambapo sauti za juu zinashika nota moja, ndefu, huku zile za chini zikiwajibu kwa vipande vifupi, kisha nota ileile inapanda hatua, tena hatua, tena hatua, na kila ikipanda unadhani sasa wamefika. Nimewaona akina mama wa soprano wakisimama kwa vidole vya miguu bila kujijua.

Kuhusu nota, jibu langu ni ndiyo, endelea, na nitakueleza kwa nini. Hizo d, r, m unazoandika kwa chaki zilizaliwa kutokana na shida yako hasa. Karne ya 11, Guido, mmonaki wa Arezzo huko Italia, alikuwa na vijana waliotumia miaka kukariri nyimbo. Akachukua utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao kila kipande chake kilianza hatua moja juu ya kilichotangulia, akatumia silabi za kwanza kama majina ya sauti: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikageuka do, na ti ikaongezwa. Miaka mia nane ikapita. Uingereza, mwalimu aitwaye Sarah Glover, wa mji wa Norwich, akaufanya mfumo huo wa herufi kwa ajili ya watoto, na mchungaji John Curwen akaueneza kwa watu wa kawaida. Kumbuka uzuri wake: hauhitaji mistari mitano wala kinanda. Herufi, nukta mbili, vistari. Mtambo wowote wa kuchapa unaweza, chaki inaweza, hata kijiti kwenye vumbi. Ulipoletwa Afrika ulikutana na watu wasio na vinanda lakini wenye masikio, ukashika mizizi.

Vijana wanasema nota zinawachelewesha. Kwa wiki tatu za kwanza wana haki. Lakini fikiria wanachofanya wakijifunza wimbo kwa kuusikiliza kwenye simu. Wanapata soprano tu, kwa sababu ndiyo inayosikika. Besi wanabahatisha. Na wote wanaiga pumzi za watu waliorekodiwa studio, mahali pengine, kwa mafungu. Mwenye nota anaweza kuisoma sauti yake peke yake Jumatano, aje Jumamosi akutane na za wenzake. Siku alto watakapoelewa kwamba ile do yao iliyobanana haikuwa kosa la mtunzi, hutawabembeleza tena kuja mazoezini.

Kuna watakaokuambia kwamba muziki huu ni wa kizungu na hautuhusu. Sauti nne, kweli, zilikuja. Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879 na Misa yao ya Kilatini. Lakini vifua vilivyoupokea vilikuwa vimekwisha kufundishwa. Karne yote ya 19 misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi ilitembea kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo kwa nyimbo: mmoja anaanzisha, wengi wanaitikia, miguu inafuata. Huwezi kubeba pembe ya ndovu begani miezi mitatu kama hupumui pamoja na wenzako. Shambani hali ilikuwa hiyo hiyo, majembe yakishuka kwa wimbo. Wamisionari waliwakuta watu wanaojua kuimba kwa kusubiriana. Na ukitaka jirani zaidi, nenda Ujiji jioni ukasikilize vijana wa madrasa wakiimba kaswida iliyofanyiwa mazoezi vizuri. Ndugu zetu Waislamu hawahitaji maelezo yangu kuhusu vifua vingi na neno moja.

Kilichotusumbua ni lugha. Tenzi nyingi zilitafsiriwa na watu wenye moyo safi waliolazimisha Kiswahili kiingie kwenye nota za Kijerumani au Kifaransa. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema mwo-KO-zi, si mwo-ko-ZI. Ukiweka pigo zito kwenye silabi isiyo yake, neno linavunjika mguu, na mwimbaji anasikika mgeni nyumbani kwake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika hati yake ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka muziki wa asili wa watu upewe heshima yake katika ibada. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, alichapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Baada ya hapo milango ilifunguka. Ng'ambo ya ziwa walikuwa wametangulia: mwaka 1958, huko Kamina, Kongo, vijana wa shule chini ya Padre Guido Haazen waliimba Misa ya Kilatini kwa mitindo ya kwao, Missa Luba, ikazunguka dunia. Na mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa bado mwanafunzi wa teolojia katika chuo cha Walutheri cha Makumira, alitunga wimbo wa Pasaka wa Kiswahili ambao leo Walutheri wa Marekani wanauimba kutoka kwenye vitabu vyao vya ibada. Kwa hiyo, mwanangu, mzigo huu umekwisha kurudishwa ulikotoka, ukiwa na chapa yetu.

Nisikudanganye kwamba kila cha zamani ni kizuri. Nyimbo nyingi walizoimba kina bibi zilikuwa dhaifu, na zimekufa, na hatuzilii. Tulizonazo zimechujwa na midomo ya watu wa kawaida, Jumapili baada ya Jumapili. Wimbo usioimbika vizuri ukiwa umechoka, ukiwa na njaa ya Kwaresima, ukiwa umetoka shambani, haukai. Mtunzi hakukaa na chekeche. Waumini ndio waliochekecha. Vijana wako nao wakiimba nyimbo mpya wanafanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo waache waimbe. Mbili tatu kati yake zitabaki, na wajukuu wao wataziita za zamani.

Wala gitaa si adui. Kwaya ya Barabara ya 13, kutoka makazi ya Ulyankulu hapa mkoani kwetu, yaliyoanzishwa baada ya watu kukimbia Burundi mwaka 1972, iliimba kwa magitaa, na kaseti zake ziliingia nyumba ambazo hata redio ilikuwa ya kuazima. Sikiliza tena uone: magitaa yanatembea chini, sauti za watu zimekaa juu, na zinapumua. Ninachokiogopa ni ule mdundo wa kinanda unaobonyezwa ukajipiga wenyewe. Mdundo huo hauvuti pumzi. Haumsubiri mzee wa besi, haujui kwamba neno hili linahitaji kukaa kidogo. Kwaya inayoufuata kila wiki inasahau kusikilizana, na siku umeme ukikatika haina kitu mkononi.

Nikusimulie jambo moja la mwisho. Tulimzika mume wa mama mmoja aliyekuwa alto wetu zamani, kabla miguu haijamsumbua akaacha kuja. Tangu msiba utokee hakuwa amesema neno. Wanawake walimpa uji, hakunywa. Kaburini mvua ilikuwa ikinyunya, hatukuwa na ala yoyote, tukaanza wimbo wa maziko wa sauti nne, ule ambao kila mwimbaji wa mkoa huu anaujua. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka alipokaa. Ubeti wa kwanza, kimya. Ubeti wa pili niliona midomo inacheza. Nikainama kidogo, nikasikia: hakuwa anaimba soprano, kama afanyavyo mtu yeyote anayeufuata wimbo. Alikuwa kwenye alto. Sauti yake ya miaka ishirini iliyopita, nyembamba kama uzi, lakini nota kwa nota. Alto wawili waliokuwa nyuma yake wakamsikia, wakasogea mpaka magoti yao yakagusa kiti chake. Mwisho wa mstari akaishika ile do iliyobanana, akasubiri, akateremka pamoja nao. Ndipo alipolia.

Wimbo wenye sauti moja ungempa maneno ya faraja. Huu ulimpa nafasi yake, iliyokuwa wazi, ikimsubiri.

Basi, Jumamosi hii fanya hivi. Nusu saa ya kwanza ya mazoezi kinanda kisiwashwe. Usiwapange kwa mistari ya sauti. Wachanganye, kila mmoja awe na jirani wa sauti nyingine, wasimame duara wakitazamana. Chagua ubeti mmoja tu wa wimbo ule wa bibi yako, waimbe kwa sauti ya chini kabisa, chini mpaka kila mtu amsikie mtu wa upande wa pili wa duara. Anayeshindwa kumsikia anaimba kwa nguvu mno. Yule binti mwenye sauti kubwa, maana kila kwaya inaye, mweke katikati ya mama wawili wa alto. Atachukia wiki ya kwanza. Kanisa lenu kama lina ukuta mzima wa matofali nyuma, imbieni mbele yake, si karibu na mlango wa pembeni ambako sauti inatoroka.

Kama bibi bado ana nguvu za kutembea, mlete Jumamosi. Usimpe kiti cha mgeni. Muulize aliimba sauti gani, umweke hapo.